Sahihi Yangu Katika Kitabu cha Wakarima

Soweto East,
Kibera, Nairobi.
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Daisy,

Salamu kwanza, maana najua ukiona barua ya mkono siku hizi lazima ushike moyo. Hakuna aliyekufa. Baba anatembea bila mkongojo, Mama anagombana na kuku wake kama kawaida, na Collins wangu yuko shuleni. Badala ya salamu amenitumia orodha ya vitu anavyotaka. Mimi mwili uko sawa. Wewe je, ule mgongo umekuachilia? Sella ameniambia joto la Doha limepungua kidogo na kwamba umenenepa. Nimemshukuru Mungu kwa yote mawili.

Nimemwomba Sella akubebee karatasi hizi kesho likizo yake ikiisha akirudi kazini huko. Ningeweza kukuandikia kwenye WhatsApp, lakini najijua. Ningeandika, nisome, nifute, halafu nikutumie picha ya maua na maneno ya kukutakia siku njema. Kalamu haifutiki. Kaa chini usome polepole, na tafadhali usimsomee Sella.

Niliahidi kukueleza habari za masomo. Kila ukiuliza nilikuwa nakujibu "tunasukuma" na kubadilisha mada. Basi ujue kwamba hii digrii ya uuguzi ya haraka ni ya haraka kweli. Yale ambayo wengine husoma kwa miaka minne sisi tunamezeshwa kwa miwili, eti kwa sababu wengine wetu ni manesi wa diploma tayari na wengine wana digrii za mambo mengine. Moyo tuliusoma wiki mbili. Figo tulipewa siku nne, na ya nne ilikuwa sikukuu. Ukitoka darasani wodi inakungoja, na ukitoka wodini kuna kazi ya utafiti inayotaka kompyuta, na mimi na kompyuta bado tunaogopana.

Darasani tumejigawa wenyewe bila kuambiwa. Sisi wa diploma tunakaa nyuma na chupa zetu za chai. Watoto wa digrii wanakaa mbele na wanatuita mathe, eti sisi ni mama zao. Nina miaka thelathini na minane, Daisy, nimezalisha wanawake kwa miaka kumi na miwili, na naitwa mathe na msichana anayevaa stetoskopu kinyume.

Kuna mtihani mmoja unafanywa kwa vituo. Unazunguka kutoka meza hadi meza, kengele inalia kila baada ya dakika tano, na kwenye kila meza mtu ameketi na karatasi anakutazama mikono. Kituo cha kwanza kilikuwa kunawa mikono. Nilicheka moyoni. Nikanawa kama ninavyonawa siku zote, haraka, kama mtu ambaye kuna mama anasukuma chumba cha pili. Nilipewa nne kwa kumi. Nilisahau kusugua kidole gumba. Na unajua ni nani aliyepata kumi kwa kumi katika kunawa mikono?

Ni wifi yetu Wakarima.

Wewe unamjua Wakarima wa harusini na wa picha za Krismasi. Mimi namjua wa kila siku. Ana digrii yake ya kemia ambayo haikumpa kazi, akaamua kuja kwenye uuguzi, na kati ya vyuo vyote vya nchi hii akaingia darasa langu. Anaishi na kaka yetu Austine pale Gatina, Kawangware, katika ploti ya baba yake. Mwanamume Mjaluo kukaa kwa mkwewe! Angekuwa mke mwingine, wazee wa kwetu Asembo wangesema Austine ndiye ameolewa, na Mama angelia wiki nzima. Lakini kwa kuwa ni Wakarima, Mama amesamehe hata hilo. Anamwita nyar Gatina, binti wa Gatina, kwa fahari. Mimi Mama hajawahi kuniita nyar popote.

Niseme wazi, kwa sababu ndiyo maana nimeshika kalamu: namwonea wivu. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Ingekuwa kweli ningekuwa nimebaki mifupa, lakini ndiyo kwanza sare inanibana.

Namwonea wivu mwandiko wake. Namwonea wivu namna anavyosoma ukurasa mara moja na kuufunga. Mimi nasoma mara nne na bado majina ya dawa yananiponyoka. Viatu vyake vyeupe vinabaki vyeupe hata siku ya mvua, na naapa sijui anapita njia gani. Na kila Jumapili Mama alikuwa akianza simu zake Gatina. Mpaka zamu yangu ifike sauti yake imechoka, na habari ninayopewa ni kwamba nyar Gatina amepita mtihani. Mtihani ule ule nami nimeufanya, Daisy. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mwezi wa sita tulipelekwa kwenye jamii, na kundi letu likapangiwa kituo kidogo cha afya huku huku Kibera. Kila mwanafunzi hutafuta mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane hivi. Unamtembelea nyumbani, unampeleka kliniki, unakuwepo akizaa, na unamfuata mpaka mtoto atimize wiki sita. Wale wa digrii ya kawaida wana nusu mwaka. Sisi tulipewa wiki kumi, kwa hiyo tulizunguka huku na huku kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga, tukitazama matumbo ya wanawake wa watu. Na mama ndiye anayemchagua mwanafunzi. Akikukataa huna la kufanya.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Chini ya jengo letu kuna mama Mkamba anaitwa Nzilani, anauza sukuma wiki na nyanya, na tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele. Zaidi ya hayo tulikuwa tunajuana kwa mambo mazito. Miaka saba iliyopita, nikifanya kazi katika ile hospitali ndogo ya uzazi kule Kawangware, aliletwa kwangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, peke yake. Mtoto alitoka hakulia. Kisha damu ikamtoka Nzilani mpaka nikadhani nitampoteza yeye pia. Tulimpeleka hospitali kubwa, akaongezewa damu, akapona. Alipoolewa na Mbithi na kuhamia huku, tulikutana kwenye ngazi. Alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe hajui lolote kuhusu mtoto yule. Nikamwambia siri ya mgonjwa nesi huzikwa nayo. Tangu siku hiyo nilikuwa napata nyanya ya nyongeza.

Basi nilishuka siku ya kwanza na kitabu changu kipya kwapani, nikijua huyu ni wangu. Nikamkuta Wakarima ameketi kwenye kreti la soda kando ya meza yake, anamsaidia kuchambua sukuma. Alikuwa amekuja kunitafuta mimi, akamkuta yeye. Nzilani alikuwa ameshamkubali.

Nilimvuta Nzilani pembeni nikamuuliza mbona amenifanyia hivyo. Aliona haya. "Sista Rose, usinikasirikie," akasema. "Wewe ni mtu wangu, unajua. Lakini ile siku uliniongelesha vibaya sana. Uliniambia ninyamaze, eti hapa si soko. Huyu anaongea pole pole."

Siku ile ya damu ndiyo aliyokuwa anaisema. Mimi niliikumbuka kama siku niliyomwokoa. Yeye aliikumbuka kama siku niliyomgombeza. Ningeweza kujifunza kitu hapo hapo, lakini sikujifunza. Nilipanda ngazi hadi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa, na jina la mwizi nilikuwa nalo.

Nilipata mama mwingine, wa watoto wanne, aliyeijua kazi yangu kuliko ninavyoijua mimi. Kila alasiri nikipita nilikuwa namwona Wakarima pale kwenye sukuma. Anapima presha, anaandika, wanacheka. Mwanamke hata Kikamba alishaanza kujifunza! Watu wa jengo letu, majirani zangu mimi, wakaanza kuniuliza yule nesi wenu mzuri yuko wapi leo.

Kuna utaratibu mmoja zaidi lazima uuelewe. Mama akikaribia kuzaa, kabla hujampelekea kitabu Sista Kimotho, msimamizi wetu pale kituoni, mwenzako mmoja hukisoma chote na kutia sahihi kwamba ameridhika. Walianzisha hivyo kwa sababu ya haraka yetu, ili macho mawili zaidi yapite. Wengine walibadilishana na marafiki. Wakarima alileta chake kwangu.

"Sis, nicheckie hii please," akaniambia. "Wewe ndio umezoea hizi vitu. Kama kuna mahali nimeharibu, niambie tu, sitaboeka."

Nilifungua. Ukurasa wa kwanza, kwa ule mwandiko wake, aliandika: mimba ya kwanza, hajawahi kuzaa, hajawahi kuvuja damu. Chini akaongeza kwamba amemuuliza mama mara mbili kwa siku tofauti na jibu ni lile lile.

Daisy, nilikaa na ukurasa ule kwa muda. Nilijua si kweli. Nilijua pia maana yake, kwa sababu hilo si jambo la kusoma kitabuni: mwanamke aliyewahi kuvuja damu vile anaweza kuvuja tena, na hapaswi kuzalia kituo kidogo kisicho na damu wala daktari. Nilichotakiwa kufanya ni kushuka ngazi tatu na kumwambia Nzilani, dada, mwambie huyu msichana ukweli, na kama unaogopa nitakusindikiza. Dakika kumi tu. Mumewe asingejua, kwa sababu vitabu vile havisomwi na waume.

Badala yake nilijiambia kwamba siri ya mgonjwa ni siri. Ni sheria ya kazi yetu na ni sheria nzuri, lakini siku ile niliivaa kama koti la kuazima. Ndani yake nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi kwamba kuna kitu kimoja ambacho Wakarima hakijui na mimi nakijua. Hata nikamwona kichwani mwangu, Sista Kimotho anagundua wakati wa kujifungua kwamba huyu mama si mara yake ya kwanza, na yule wa kumi kwa kumi anaona haya mbele ya kila mtu. Hapo ndipo fikira zangu zilipoishia. Naapa kwamba hazikufika kwenye damu. Au pengine zilifika, nikazigeuza.

Nikatia sahihi. Nikamwambia, "Iko sawa."

Akanikumbatia.

Nzilani alishikwa na uchungu tarehe nane Julai, asubuhi. Wakarima alimleta kituoni mwenyewe, na mimi nilikuwa zamu. Kila kitu kilikwenda vizuri mno. Wakarima alimzungumzia pole pole, akamshika mkono, na mtoto akatoka saa nane na dakika arobaini mchana, msichana, analia kwa nguvu. Hata nikawaonea wivu wote watatu. Kisha kondo la nyuma likatoka, na damu ikaja.

Wakarima alifanya kama alivyofundishwa. Alisugua tumbo, akaita. Lakini uso wake ulikuwa unasema hii itasimama sasa hivi, kwa sababu karatasi yake ilisema mama huyu hana hatari yoyote. Sista Kimotho naye akaitazama karatasi ile ile na kuanza na hatua za kawaida. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni. Nilisikia sauti inapiga kelele, na ilikuwa yangu.

"Huyu si wa kwanza! Alivuja hivi hivi, akaongezewa lita mbili! Itisheni ambulensi!"

Basi wakakimbia. Dripu mbili, sindano, ambulensi, mimi na Wakarima ndani tukibana tumbo la Nzilani kwa ngumi kwa zamu mpaka hospitali kubwa. Mbithi alikuwa amekwenda kununua pedi, hakusikia kitu. Nzilani alimwambia mwenyewe baadaye. Alipewa damu chupa nne. Alikuwa amebakiza kidogo sana. Sista Kimotho alituambia kwamba kama tungeanza dakika kumi baadaye tungekuwa tunafunika uso.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo sikuipanga. Nikawa shujaa. Hakuna aliyeniuliza nilijuaje. Walidhani ni ile damu iliyonikumbusha, pale pale mlangoni, kwamba jirani yangu ndiye yule mama niliyemhudumia miaka saba nyuma kati ya mamia. Sista Kimotho aliwaambia wanafunzi wote kwamba kutangulia si kufika, kwamba uzoefu hauuzwi chuoni. Wale watoto wa digrii wakaacha kuniita mathe wakaniita Sista. Austine akamsimulia Mama. Na Jumapili iliyofuata simu ya Mama ikaanzia Kibera. Ikaanzia Kibera Jumapili tisa mfululizo, Daisy. Siku moja alinipigia kuniambia kwamba amesimama kanisani na kutoa ushuhuda, kwamba Rosebella binti yake ameokoa mama na mtoto. Nilimwuliza alisema binti yake, kwa maneno hayo hayo? Akasema ndiyo, kwani wewe ni binti ya nani.

Nilizimeza sifa hizo. Sitakudanganya. Usiku zilinikwama, lakini asubuhi nilikuwa nazitafuta tena.

Na hata hapo wivu haukwisha. Nzilani alipofungua macho wodini, mtu wa kwanza aliyemtaja ni Wakarima. Nilisimama pale, shujaa mzima, nikaumia.

Mwisho wa Agosti vitabu vikafika kwa Mwalimu Kinyanjui, mkuu wa somo letu. Changu kikapita. Cha Wakarima kikakataliwa. Alisema historia ya mama haikuchukuliwa vizuri, kwamba uzembe ule ungeua mtu, na kwamba atarudia kazi ya jamii yote na darasa linalokuja. Maana yake asingehitimu Desemba. Mlango ulikuwa wazi, nami nje nilisikia; Wakarima alisimama mbele ya meza yake akasikiliza yote. Sahihi yangu ilikuwa pale kwenye ukurasa ule, na angeweza kusema, "Lakini wifi yangu alikisoma." Hakusema. Mwalimu alipomuuliza kama ana la kujitetea, alisema tu kwamba alipaswa kumuuliza mama mara ya tatu.

Nilimsubiri nje. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia pole.

Nzilani alikuwa amekwenda kupumzika kwa mama yake Machakos, na amerudi wiki iliyopita. Jumapili hii iliyopita akanitumia neno nije nimwone mtoto. Nilikwenda chumbani kwake na nepi za pampas na sabuni kama mgeni mwema. Akaniwekea mtoto mapajani akasema, "Shika wajina wako." Daisy, amemwita Rosebella. Jina la kwao limekuja kwanza, la nyanya yake, lakini la pili ni langu. Ana miezi miwili na amenenepa, na alinishika kidole.

Sikuweza kuendelea kumshika. Nilimrudisha kwa mama yake nikamwambia Nzilani kwamba nina neno. Nikamwambia kwamba nilikisoma kitabu cha Wakarima wiki tatu kabla hajazaa, kwamba niliona uongo, na nikanyamaza.

Nilidhani atanifukuza. Alicheka.

"Si mi nilijua, Sista Rose," akasema. "Huyo Wakarima aliniambia wewe ndio utasoma. Nikasema sawa. Hata nikificha hawa wote, Sista Rose anajua, na Sista Rose hawezi wacha nikufe. Ndio maana sikuogopa kuzalia hapo kwa kituo kidogo."

Alikuwa ananishukuru. Ndivyo alivyosema, akimpangusa mtoto mdomo. Aliificha siri yake kwa sababu mimi nilikuwa naijua. Aliniachia mimi ile sehemu ya kusema, kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo. Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ufunguo huo nikingoja mke wa kaka yangu aaibike.

Sikunywa hata chai yake. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Gatina.

Wakarima alikuwa anaanika nguo. Alinikaribisha, akataka kuniwekea chakula, nikamwambia asiniwekee. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na sikuacha kitu: nyanya za nyongeza, kreti la soda, kumi kwa kumi, nyar Gatina. Alisikiliza akiwa ameshika shati la Austine lililolowa, maji yanamwagikia vile viatu vyake.

"Nilikuona umekaa na hiyo page," akasema mwishowe. "Nikadhani unasoma poa poa ndio unisaidie."

Halafu akasema, "Rosebella, naomba uende."

Tangu aolewe hajawahi kuniita jina. Siku zote nilikuwa Sis. Austine alinisindikiza mpaka barabarani, na boda boda ilipofika akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini?" Nilimwambia kwa sababu ya wivu. Alinitazama kama mtu aliyejibiwa kwa lugha nyingine. Wanaume hawa hawajui wanachoishi ndani yake.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Mwalimu Kinyanjui. Jana kamati ilikaa. Kwa kuwa Wakarima aliuliza mara mbili na kuandika kwamba ameuliza, kitabu chake kimekubaliwa na atahitimu Desemba. Mimi nilitia sahihi kitu nilichojua si kweli, na mama akaponea chupuchupu, kwa hiyo ni mimi nitakayerudia na darasa linalokuja, na barua imewekwa kwenye faili langu. Baraza la manesi nalo litaarifiwa. Sista Kimotho aliponipita kwenye korido alisimama, akafikiri, akaendelea na safari yake. Sina wa kumlaumu.

Usidhani nimekuwa malaika. Nilipomwona Wakarima leo akitoka ofisini na karatasi yake ya joho la mahafali mkononi, kile kitu kiliamka kifuani pale pale, kikanyoosha miguu. Bado hanisemeshi. Nina wivu hata na hilo, namna anavyojua kukasirika bila kupiga kelele. Mimi ningekuwa nimeita majirani.

Nisalimie wote wa huko: Sella akifika, yule rafiki yako wa Kisii anayekupikia, na mchungaji wenu wa ibada ya Ijumaa. Baba anauliza kama ulipata omena alizokutumia. Shangazi Angeline anasema ameota umerudi na koti jekundu, na sijui alikuwa na maana gani. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe mabosi wenye huruma na usingizi wa kutosha, na akitaka kukupa wivu akupe wa kitu kidogo, kama nywele.

Ombi moja la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nimkimbilie Sella kabla hajaondoka. Jumamosi alfajiri nasafiri kwenda Asembo. Mama bado hajui. Austine ameniahidi kunyamaza, na wewe na Mama najua mtapigiana simu kama kawaida. Tafadhali usimpigie kabla ya Jumapili jioni. Alisimama mbele ya kanisa zima akasema mimi ni binti yake. Nataka nimrudishie maneno hayo mwenyewe, Jumapili, mbele ya watu wale wale, kisha nikae nione kama atanipa tena.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa hivi,

Rosebella